YAH: Malalamiko kuhusu kadi nzima ya waifai kuandikiwa kuwa imekufa

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta wa madarasa ya jioni hapa Mbagala. Nilinunua dukani kwenu kompyuta mpakato ya mtumba, na risiti ya EFD ninayo. Muuzaji nilimweleza kabla sijalipa kwamba nitaweka Ubuntu 22.04 (mfumo endeshi wa Linux, badala ya Windows), akanijibu "haina shida". Nilipoiweka, kila kitu kiliitika isipokuwa waifai.

Nikairudisha kwenu. Fundi wenu aliiwasha, akabofyabofya alama ya mtandao pale juu, kisha akaandika kwenye karatasi ya matengenezo: "Kadi ya waifai imekufa, ibadilishwe." Nikalipishwa Sh. 20,000 za ukaguzi na kuambiwa niandae Sh. 90,000 nyingine za kadi na ufundi, la sivyo nirudishe Windows. Hakufungua mfuniko wala hakuandika amri hata moja. Hapo ndipo panaponiuma.

Kadi ile ni nzima. Niliandika lspci -nnk, amri inayoorodhesha vifaa vilivyomo ndani ya mashine, ikajitaja yenyewe: Broadcom BCM43142, namba 14e4:4365. Kadi iliyokufa kabisa kwa kawaida haionekani kwenye orodha hiyo. Chini yake draiva (programu inayoendesha kifaa) iliyoishika ilikuwa bcma-pci-bridge, na hiyo peke yake haitoi waifai kwa kadi ya aina hii. Inahitaji draiva inayoitwa wl, ya Broadcom wenyewe. Sehemu ya msimbo wake imefungwa, ndiyo maana haimo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux. Ubuntu huitoa kando kwa kifurushi cha bcmwl-kernel-source.

Nilichomeka simu kwa waya wa USB, mashine ikatumia bando la simu, nikaandika sudo apt install bcmwl-kernel-source. Kwa kuwa Secure Boot (ulinzi unaozuia programu zisizoidhinishwa mashine inapowaka) ilikuwa imewashwa, niliombwa nitunge nywila. Mashine ilipowaka upya ilileta skrini ya bluu. Nikachagua Enroll MOK, yaani kuusajili ufunguo unaoidhinisha draiva, nikaingiza nywila ileile. Skrini hiyo haikai muda mrefu, na ukiiacha ipite kerneli inaikataa draiva. Fundi asiyelijua hilo ataandika tena kuwa kadi ni mbovu. Mimi sikuiacha ipite, na waifai inafanya kazi hadi leo kwa kadi ileile mliyotaka niitupe.

Sh. 90,000 si hela ndogo kwa vijana ninaowafundisha, na wengi wao wananunua mashine Kariakoo. Nawafikiria wale walioambiwa hivyohivyo wakalipa kwa sababu hawakuwa na wa kumuuliza. Tena kubadili kadi ovyo kuna hatari yake: baadhi ya mashine za HP na Lenovo za miaka ya nyuma zina BIOS (programu ya kuwashia mashine) inayokataa kadi isiyo kwenye orodha ya mtengenezaji, kwa hiyo mteja angeweza kulipa yote hayo na mashine ikagoma.

Naomba nirudishiwe Sh. 20,000 za ukaguzi, kwa sababu ukaguzi haukufanyika. Naomba pia karatasi ile ifutwe kwa maandishi, maana nikija kuiuza mashine hii inasomeka kuwa ina ubovu. Na mafundi wenu waelekezwe kwamba mashine yenye Linux ikiletwa kwa tatizo la waifai, waanze na lspci na rfkill list, wajue kadi ni ipi na kama imezimwa tu, kabla hawajataja bei ya kitu chochote.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitayapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani, FCC. Nimeambatanisha nakala ya risiti, karatasi ya fundi wenu na picha za skrini kabla na baada ya kuweka draiva.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa kompyuta,
Mbagala, Dar es Salaam.