Mwanangu, uaminifu umefanya nini?

Mwanangu mpendwa,

Jana ulipokwisha kulala nilifungua begi lako nikitafuta ile fomu ya kusaini, nikakuta jaribio lako la Kiingereza limekunjwa mara nne na kusukumwa chini kabisa. Nisamehe, nililisoma. Alama sikuzijali sana. Kilichonishika ni swali la sita. Uliulizwa dhamira ya ile hadithi ya baiskeli, ukajibu kwa neno moja: uaminifu. Pembeni mwalimu ameandika kwa wino mwekundu, "Uaminifu umefanya nini?" Nusu alama.

Najua ulikasirika, ulivyolikunja tu inatosha. Hata mimi nilitaka kukutetea, mpaka nilipoisoma hadithi yenyewe. Uaminifu ni mada, yaani jambo linalozungumziwa. Dhamira ni kile hadithi inachokisema juu ya jambo hilo, na neno moja haliwezi kusema kitu. Nikikuita sasa hivi nikakwambia "mvua" halafu nikanyamaza, utabaki unanitazama. Mvua imefanya nini? Inakuja? Imekatika? Mwalimu naye alibaki anakutazama hivyo hivyo.

Sasa tuiangalie. Kijana anachukua baiskeli ya kaka yake bila ruhusa, anaivunja, anaificha. Kaka anaamini imeibwa, na lawama zinamwangukia mtoto wa jirani. Kijana ananyamaza. Wengi darasani, nahisi, waliandika "usichukue kitu cha mtu bila ruhusa". Hiyo ni amri, na hata kama ungeiita funzo, haitoshi. Hesabu aya. Kuchukua na kuvunja kumemalizika ndani ya aya mbili. Aya tisa zilizobaki zote ni ukimya. Mwandishi hakai mahali bure. Alipokaa ndipo alipo na neno la kusema. Kwa hiyo mimi ningeandika: anayenyamaza huku mtu mwingine akilaumiwa kwa kosa lake, amemsingizia mtu huyo. Mwenzako anaweza kuandika kwamba hofu ya kushuka machoni pa mtu unayempenda inaweza kukufanya umdhulumu usiyemjali. Tofauti kabisa na langu, na sahihi pia, mradi aweze kuweka kidole kwenye mistari inayolibeba. Dhamira haina jibu moja. Ina majibu yenye ushahidi na majibu yasiyo nao.

Nikuambie siri. Nilipokuwa darasa kama lako nilikariri istilahi zote: sitiari, tashbihi, tashihisi, kinaya, taharuki. Ungeniamsha usiku wa manane ningekupa maana ya kila moja. Kisha nikapewa kifungu nikaambiwa nizitafute, sikuona hata moja. Nilikuwa na majina ya watu nisiowajua kwa sura.

Sura zake ziko humo humo kwenye baiskeli. Kaka anamwambia yule kijana, "Wewe peke yako ndiye ninayekuamini nyumba hii." Ulicheka hapo au uliumia? Chochote ulichohisi, ulikihisi kwa sababu wewe msomaji ulijua asichokijua kaka. Hicho ni kinaya, na hasa kile kinachoitwa kinaya cha kidrama. Hisia ilikuja kwanza, jina likafuata nyuma. Usiruhusu mtu akugeuzie mpangilio huo.

Na tashbihi, tafadhali, acha kupigia mstari kila mahali unapoona lile neno la Kiingereza lenye maana ya "kama". Neno hilo hilo ndilo wanalotumia kusema "penda". Umepigia mstari sentensi inayosema kaka anapenda chai! Jiulize: je, vitu viwili tofauti vimefananishwa? Kama havijafananishwa, hakuna tashbihi. Na vikifananishwa bila kiunganishi, kimoja kikaitwa kingine moja kwa moja, hiyo ni sitiari.

Mandhari umeipata vizuri, sina la kuongeza.

Kuhusu ule mchoro wa mlima uliouchora, wenye mwanzo, kupanda, kilele na kushuka: ulitokana na Mjerumani aitwaye Gustav Freytag, aliyeuchapisha mwaka 1863. Alikuwa akizungumzia tamthilia za sehemu tano, hakuwa na hadithi fupi ya kurasa tatu akilini. Ndiyo maana ulihangaika kutafuta mteremko. Hadithi ya baiskeli inakatika karibu na kilele. Ungeandika hivyo tu. Cha maana zaidi kwenye msuko, yaani jinsi matukio yanavyofungamana, ni sababu. Mwingereza E. M. Forster alilieleza jambo hili mwaka 1927 kwa mfano mdogo: mfalme akafa, kisha malkia akafa, hayo ni masimulizi; mfalme akafa, kisha malkia akafa kwa majonzi, huo ndio msuko. Kwa hiyo unapofupisha hadithi, futa baadhi ya zile "kisha, kisha, kisha" zako na uweke "kwa sababu" mahali pake, uone kitakachotokea.

Liko moja hukuulizwa, nami naona ndilo tamu kuliko yote. Hadithi inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na msimulizi ni kijana mwenyewe. Anasema mara tatu kwamba "karibu aseme ukweli". Unamwamini? Mimi mara ya kwanza nilimwamini. Mara ya tatu nikaanza kuwa na wasiwasi naye, nikarudi mwanzo nikiwa na macho mengine.

Halafu kuna ile kengele. Aliing'oa kwenye baiskeli akaitia mfukoni, na kila anapokutana na mtoto wa jirani anaishika kwa kiganja isilie. Andika kwamba ni ishara, sawa, lakini ishara ya nini? Nilitaka kusema ni dhamiri yake, ile sauti ya ndani inayomsuta. Kisha nikaona jibu hilo limekuja upesi mno, nikalifuta.

Nimelirudisha jaribio mahali pake, ila sasa halijakunjwa. Kwenye aya ya mwisho kijana anatoa mkono mfukoni, na mwandishi hasemi kama kengele imo mkononi au imebaki ndani. Nimeisoma mara mbili, sijaamua. Soma wewe, jioni uniambie unaonaje.

Mama yako