Barua kwa mwanangu: Kamongo aliyekufa maji

Mwaloni, Ziwa Kyoga, Uganda

Mwanangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Natumaini u mzima na masomo yanakwenda vyema. Sisi huku hatujambo. Siku ile ulipomtazama kamongo aliyetolewa katika wavu wa babako, uliniuliza samaki anawezaje kufa maji, nami sikukujibu kwa sababu wachuuzi walikuwa wakinisubiri. Swali lako limenikaa moyoni tangu hapo, na leo nimepata wasaa wa kulijibu kama linavyostahili.

Kamongo yule alikufa maji kweli. Kamongo mkubwa ana mapafu mawili, na matamvua yake, yaani viungo vya kupumulia majini, ni madogo mno kumtosheleza, hivyo sehemu kubwa ya oksijeni anayoihitaji huipata kwa kupanda juu na kuvuta hewa kwa kinywa. Wavu ulipomzuia chini usiku kucha, alikosa pumzi kama ambavyo mimi na wewe tungeikosa. Sasa mkumbuke ngege aliyenaswa katika wavu uo huo: yeye alitolewa majini akiwa hai, akafia ndani ya mtumbwi, hewa ikiwa imemzunguka pande zote. Matamvua ya ngege ni nyuzi laini zinazotanuliwa na maji, na yakitoka nje ya maji nyuzi hizo hulala na kugandana, kisha hukauka, hata oksijeni isipate pa kupenya. Mmoja alifia majini na mwingine hewani, lakini walichokikosa ni kitu kimoja.

Kitu hicho kina kazi gani mwilini? Chakula tunachokula hakitupi nguvu kwa kumezwa tu. Kila seli huivunjavunja glukosi, yaani sukari inayotokana na chakula, na oksijeni ndiyo inayoiwezesha kuivunja hadi mwisho, kukabaki maji na kabonidayoksaidi, ile hewa tunayoitoa nje tunapopumua. Pasipo oksijeni, seli huishia njiani: badala ya kupata takriban vipimo 30 vya nishati kutoka katika molekuli moja ya glukosi, hupata 2 tu. Misuli huweza kuvumilia upungufu huo kwa muda mfupi, na ndiyo maana unaweza kukimbia mbio kali kisha ukahema baadaye, lakini ubongo hauvumilii, nao huanza kudhurika baada ya dakika chache.

Samaki ana taabu kuliko sisi katika kuitafuta. Lita moja ya hewa ina karibu mililita 210 za oksijeni, ilhali lita moja ya maji ya ziwa letu haifikishi hata mililita 10, tena maji yakipata joto uwezo wake wa kuibeba hupungua. Kwa hiyo ngege hupitisha maji kwenye matamvua bila kupumzika, na damu yake hupita humo ikielekea kinyume cha mkondo wa maji, ili kila inapofika ikute maji yenye oksijeni nyingi kuliko yenyewe. Mimi huustaajabia mpango huo kila ninapofunua shavu la samaki na kuona wekundu ule. (Nsenene, wale panzi tunaowakaanga mwezi wa Novemba, hawana damu nyekundu, kwa kuwa hewa huingia kupitia matundu ya ubavuni na kufuata mirija hadi kwenye seli zenyewe, bila kubebwa na damu.)

Bila shaka unakumbuka sangara walioelea wakiwa wamekufa mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, hapa kwetu na katika Ziwa Victoria, hata watu wakaogopa kwamba maji yametiwa sumu. Serikali ilieleza kuwa dhoruba zilikuwa zimeyachanganya maji, yale ya chini yenye oksijeni kidogo yakapanda juu. Sangara ana mwili mkubwa na huhitaji oksijeni nyingi, kwa hiyo ndiye aliyeathirika zaidi.

Udhaifu huo wa sangara umewaokoa wengine. Chini ya mafunjo maji yana kivuli na majani yanayooza, na kuoza huko huila oksijeni, hivyo sangara hawezi kukaa humo kwa muda mrefu. Humo ndimo furu, samaki wadogo ambao Waganda huwaita enkejje, wanamojificha, na humo kamongo huishi bila shida mradi njia ya kupanda juu iwe wazi. Ninaumia ninapoona watu wakifyeka mafunjo hadi ukingoni ili wapande mpunga, maana furu wakikosa maficho hayo, sangara huwamaliza.

Utakapokuja likizo ya Desemba, nitakupeleka alfajiri kwenye ukingo wa mafunjo kabla mitumbwi haijaanza kuyatibua maji. Uje na saa yako, tuhesabu dakika zinazopita kati ya kamongo kuchungulia juu mara moja na mara ya pili.

Ni mimi mama yako akupendaye.