Kabla hujatoa hela ya kopo la soriasisi, soma hapa kwanza

Wiki haipiti bila mtu kuja dukani au kututumia picha ya kiwiko Watsap anauliza "mna kile kidonge kinachomaliza soriasisi?" Sisi tunauza virutubisho, tungeweza tu kumpa kopo tukapokea hela akaondoka, lakini jibu letu ni lile lile kila siku: hakuna kidonge wala chakula kinachoumaliza ugonjwa huu wa ngozi, na anayekuambia kipo anaitaka laki yako. Vya kuituliza vipo, na hapo ndo chakula kinapoingia.

Kinachotokea ni hivi, kinga ya mwili inaivamia ngozi yako mwenyewe na kuisukuma itengeneze seli mpya mbio mbio, ngozi ya kawaida inajibadilisha kwa kama mwezi mzima ila hapa ni siku 3 mpaka 5 tu, zile za zamani hazijawahi hata kupukutika wenzao washafika, zinarundikana ndo unaona magamba. Sio fangasi, sio uchafu, hujarogwa, na haiambukizi hata mkilala kitanda kimoja. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu kuna dada mteja wetu alipaka dawa ya fangasi karibu mwaka mzima, maana kwenye ngozi yetu nyeusi yale mabaka mara nyingi hayawi mekundu kama ya kwenye picha za mtandaoni, yanakuja zambarau, kijivu au kahawia iliyokoza, watu wanapotea. Nyumbani kwao alishatengewa sahani yake. Iliniuma sana.

Sasa chakula. Kitu chenye ushahidi kuliko vyote ni uzito. Kama una uzito uliozidi, yale mafuta ya tumboni hayajakaa tu pale, yanatoa kemikali zinazochochea uvimbe mwilini, na waliopunguza wengi mabaka yanapungua na hata dawa za hospitali zinawafanyia kazi vizuri zaidi. Kwa hiyo tunaanzia kwenye soda, maandazi ya asubuhi na chipsi za usiku, tunapunguza tonge la ugali, nusu ya sahani iwe mchicha au matembele, halafu maharage, vibua, dagaa. Dagaa jamani! Omega 3, yale mafuta ya samaki unayoyatafuta kwenye kopo, ipo humo, na vile vidonge vya mafuta ya samaki tafiti zake kwa soriasisi hazikubaliani, wengine vinawasaidia kidogo wengine wapi, ndo maana mteja mwenye hela ya mawazo namwambia apitie sokoni kwanza.

Pombe inaichochea, sigara pia. Na kama unatumia methotreksati, dawa ya hospitali ya soriasisi, halafu unapiga bia, ini lako linabebeshwa mizigo miwili.

Ngano je? Watu wanaacha chapati kwa kusikia tu. Kuacha ngano kunamsaidia yule ambaye vipimo vimeonyesha mwili wake unaikataa, wengine mnajinyima bure. Ukihisi chakula fulani kinakuamsha mabaka andika kwenye daftari wiki kadhaa ulikula nini na ngozi ilikuwaje, usiache vyakula kumi kwa mpigo ukabaki na njaa.

Kwenye makopo, vitamini D ndo inaulizwa sana. Kapime kwanza, ikiwa chini unaiongeza, ikiwa sawa kuimeza zaidi hakusafishi ngozi, na mtu mzima asivuke IU 4000 (IU ni kipimo kilichoandikwa kwenye kopo) kwa siku bila daktari kwa sababu kalisiamu inaweza kupanda kwenye damu ikaharibu figo. Manjano weka kwenye mboga kwa raha zako, ila vidonge vyake vyenye nguvu hatumuuzii anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, anaweza kuvuja damu. Vitamini A ndo naiogopa zaidi, ukiwa kwenye asitretini, kidonge cha hospitali cha soriasisi, usiiguse kabisa, dawa yenyewe ni ndugu yake, zikijumlishana zinakuwa sumu.

Kuna pia zile krimu za kopo lisilo na lebo, siku tatu ngozi laini kabisa unashangilia, nyingi zimechanganywa steroidi kali, yaani dawa za kushusha uvimbe, ukiacha ghafla inarudi vibaya kuliko mwanzo. Na maungio yakianza kukaza asubuhi au kidole kizima kikivimba, usije dukani, nenda hospitali haraka, soriasisi ikiingia kwenye maungio inaweza kuyalemaza. Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, kwa hiyo usikubali kuambiwa ugonjwa huu hauna watu wake.

Ukija kwetu njoo na dawa zako zote unazotumia, hata za kienyeji, tuziangalie pamoja. Kama umepima vitamini D njoo na karatasi, kama hujapima tutakuambia ukapime, kopo tutakuwekea halikimbii.