Betri ya kadi ya RAID nani anaiangalia?

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo linaniuma muda mrefu. Mimi ni fundi, kazi yangu ni seva, na ninachokikuta karibu kila ninapoitwa ni kwamba kadi ya RAID, ile inayounganisha diski kadhaa za seva zifanye kazi pamoja ili moja ikifa data isipotee, ikishafungwa siku ya kwanza basi tena, hakuna anayeiangalia mpaka data ipotee ndo watu waanze kutafutana.

Diski watu wanajua inakufa. Ila betri ya kadi wengi hata hawajui kama ipo. Iko hivi, kadi nyingi zina memori yake yenyewe, giga 1, 2, nyingine mpaka 8, seva ikituma data kadi inaipokea kwenye hiyo memori na kujibu hapohapo kwamba imeshaandika, kumbe kwenye diski bado haijafika, ndo inapotoka ile kasi. Sasa umeme ukikatika hapo katikati kinachoishikilia hiyo data ni hicho kibetri, kinaweza kuishikilia siku 2 au 3 hivi. Kadi mpya nyingi zina kapasita, kifaa kinachotunza umeme kwa muda mfupi, badala ya betri, inatoa nguvu ya kutosha data ihamie kwenye flashi, yaani memori isiyopoteza data umeme ukikatika, hiyo ni afadhali sana ila nayo inachoka.

Betri ikizeeka kadi inagundua yenyewe na inaanza kusubiri diski ziandike kabisa ndo ijibu, hapo kasi inashuka, na kwenye RAID 5, yaani mpangilio wa diski 3 au zaidi unaotunza na hesabu za kurudishia data ya diski iliyokufa, utaumia zaidi maana kuandika kipande kidogo tu ni kusoma mara 2 na kuandika mara 2.

Kuna ofisi niliitwa, mfumo wao ulikuwa mzito wiki 3, wamebadilisha swichi, wamemgombeza mtu wa programu wa watu, mwisho kijana mmoja akaingia kwenye mipangilio ya kadi akailazimisha ijibu haraka hata kama betri haipo. Kasi ikarudi, akashukuriwa sana. Siku chache baadaye umeme ukakatika jioni watu wakiwa kazini na ulivyorudi databesi haikufunguka. Nilipofungua kifuniko cha seva nikakuta betri imevimba mpaka kava lake limeachia pembeni, imejaa vumbi, na kadi ilishaandika onyo la betri kwenye logi yake tangu zamani, hakuna aliyewahi kusoma. Bakapu yao ya mwisho ilikuwa na wiki 2, wakasema si tuna RAID? RAID sio bakapu jamani, inakuokoa diski ikifa tu, faili likiharibika inalitunza hivyohivyo lilivyoharibika.

Simlaumu yule kijana, hakuna aliyewahi kumwelekeza.

Kingine ni kubadilisha kadi yenyewe. Ukifunga kadi mpya ikakwambia imekuta mpangilio wa kigeni kwenye diski usiogope, ule ni mpangilio wako wa zamani umeandikwa kwenye diski zenyewe, unachagua kuuingiza, usichague kuufuta na usianzishe diski upya hata kidogo, hapo ndo nimeona watu wanalia. Na kabla hujachomoa chochote bandika namba kwenye kila kebo na kila diski. Joto pia, zile kadi zimetengenezwa kwa upepo mkali wa feni za seva, ukiiweka kwenye kompyuta ya kawaida bila feni itachemka.

Ombi langu kwa wenye maofisi, leo mwambieni fundi wenu afungue programu ya kadi awaonyeshe hali ya betri na tarehe ya mwisho diski zilipokaguliwa, halafu aweke barua pepe ya onyo iwe inaenda kwa watu wawili, sio mmoja ambaye labda alishaacha kazi. Ni kazi ya nusu saa hiyo.

Fundi wa seva, msomaji wenu