Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Haut-Katanga: karatasi ya yaya ina namba mbili tu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Kazi yangu ni usingizi: miaka 19 sasa nalaza watu mezani na kuwaamsha. Lakini siku ninayotaka kukueleza sikuwa kazini. Nilikuwa ndugu wa mgonjwa, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nimepakata mkoba wa yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa.

Yaya ana miaka 63 na tensio, yaani shinikizo la damu, ya siku nyingi. Alikuwa anaona damu chooni, daktari akaagiza kolonoskopi, ule mrija mrefu wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo mpana. Hapo sina neno. Tumezoea kusema ni bawasiri, tunakunywa dawa za mizizi, halafu tunafika hospitali tumechelewa.

Usiku kucha alikunywa dawa ya kusafisha tumbo, lita nne, kikombe baada ya kikombe. Chakula chake cha mwisho kilikuwa bukari, ugali wetu, ya jana yake mchana. Asubuhi akameza vidonge vyake vyote vya tensio, na kile cha kukojoza kikiwemo, kwa sababu hakuna aliyemwambia aulize kwanza. Tulipofika alikuwa mkavu kama samaki wa Kasenga. Maneno ni yake, si yangu. Wakampima: 158/94. Wakaandika.

Hakuna aliyemuuliza anataka alazwe vipi. Aliambiwa tu, “Mama, utalala kidogo, hutasikia kitu.” Alipoona bomba la sindano lina dawa nyeupe kama maziwa, akauliza, “Si ndiyo ile iliyomuua Michael Jackson?” Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka. Ndiyo, Mheshimiwa, ndiyo ile ile, propofoli. Mwaka 2009 yule mwimbaji alipewa dawa hiyo nyumbani kwake, chumbani, bila vifaa vya kutosha vya kumfuatilia. Ni dawa nzuri, naitumia kila wiki. Swali la yaya lilistahili jibu, likapata kicheko.

Daktari aliyeshika mrija ndiye huyo huyo aliyekuwa akisema “ongeza”. Muuguzi aliyesukuma dawa ndiye huyo huyo aliyeitwa kubonyeza tumbo mrija ulipokwama kwenye kona. Kile kibanio cha kidoleni kilionyesha 98, na wote walikuwa wakikitazama kama dereva anavyotazama mshale wa mafuta. Lakini kidole kinasema habari za hewa, hakisemi habari za tensio. Mkanda ulikuwa umefungwa mkononi vizuri kabisa, ila hakuna aliyebonyeza kitufe tangu alipolala. Niliangalia midomo ya yaya, nikashindwa kunyamaza. “Jamani, pimeni tensio.” 71/38.

Wakainua miguu yake, wakafungua serumu, maji ya mshipani, ikaenda mbio, wakatafuta efedrini, dawa ya kupandisha tensio. Efedrini ilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikuwa kwa mtu aliyetoka kwenda kula.

Yaya ni mzima. Aliamka, akaomba chai, akalalamika kwamba ina sukari kidogo. Waliona uvimbe mdogo wakautoa, na hilo nawashukuru. Sitaji kliniki, maana nimefanya kazi mahali pengi na najua si pale tu.

Ruhusa unipe nieleze kidogo ufundi, kwa sababu wengine husema, “71 si neno, amepona.” Propofoli hulegeza mishipa ya damu na kupunguza nguvu ya moyo. Mwili uliojaa maji huvumilia. Mwili uliokaushwa usiku kucha na kuongezewa kidonge cha kukojoza hauna akiba. Kwa mzee dawa huchelewa kufika, basi asiye na subira huona hajalala, huongeza, halafu dozi mbili zinafika pamoja. Tena mtu wa tensio si kama mtu mwingine. Ubongo wake na figo zake vimezoea kusukumiwa damu kwa nguvu. Namba ya juu ya 100 ambayo kijana angetembea nayo soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, bila kujua, kwake yeye inaweza kuwa njaa ya damu. Ndiyo maana hatutazami tu kama namba ya juu imeshuka chini ya 90. Tunatazama ameshuka kiasi gani kutoka pale alipoanzia. Yaya alipoteza zaidi ya nusu.

Na njia hazikuwa moja. Kuna kupimwa bila usingizi wowote: Norway na Finland wengi hupimwa hivyo, wakiongea na daktari, na maumivu huja hasa kwenye kona na hewa inapotanua utumbo. Hata hapo tensio inaweza kuanguka, maana utumbo ukivutwa moyo nao huweza kupunguza mwendo ghafla, basi atropini, dawa ya kuharakisha moyo, iwe karibu. Kuna midazolamu, dawa ya kutuliza, na fentanili, ya maumivu, kidogo kidogo, mgonjwa anasinzia lakini akiitwa anaitika. Hizo mbili zina dawa za kuzipinga, flumazenili na naloksoni. Propofoli haina ya kuipinga. Sifa yake ni kuisha yenyewe baada ya dakika chache. Na kuna ketamini, dawa ya usingizi ya zamani, mzee wetu wa vita na vijiji, ambayo kwa kawaida hupandisha tensio badala ya kuishusha. Kwa mtu aliyeanza na 158 singempa peke yake, tena ndoto zake wengine hawazitaki. Lakini ketamini kidogo ndani ya propofoli hupunguza mwanguko, na chupa zote mbili zilikuwepo chumbani siku ile. Nilizihesabu.

Mheshimiwa, siombi mashine. Mashine zitakuja, zitaharibika, umeme utakatika. Kanuni za usingizi salama zilizotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani pamoja na shirikisho la dunia la wataalamu wa usingizi zinataka tensio ipimwe angalau kila dakika tano. Hilo linafanyika kwa mkanda wa mkono, stetoskopu na kalamu ya biki. Naomba barua moja yenye sahihi yako kwa kila nyumba inayofanya kipimo hiki jimboni, ya serikali, ya dini na ya watu binafsi: anayelaza asiwe na kazi nyingine mpaka mgonjwa aamke, tensio iandikwe kila dakika tano, efedrini, atropini na serumu ziwe mezani kabla sindano ya kwanza haijaingia. Siku mgonjwa anapopewa dawa ya kusafisha tumbo, aketishwe, aambiwe njia zilizopo na bei ya kila moja, aulizwe ni vidonge gani anakunywa, na aambiwe vipi kati ya hivyo aviache asubuhi ile. Mazungumzo hayo ni ya dakika kumi. Yafanyike kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha karatasi ambayo mama anaweka sahihi bila kuisoma.

Wenzangu watasema nimeanika nguo za ndani barabarani. Nilijaribu mlango kwanza. Nilimwendea mkubwa wa pale siku iliyofuata, akanisikiliza kwa heshima, akaniambia, “Lakini mama amepona, si ndiyo?”

Karatasi ya yaya ninayo, nimefuta jina lake na jina la nyumba. Juu imeandikwa 158/94, saa 3:10. Chini imeandikwa 118/70, saa 3:55. Katikati ni nyeupe. Ile 71/38 haikuandikwa popote, na barua ikikufika nitaileta karatasi hiyo mwenyewe ofisini kwako, siku utakayopanga.

Muuguzi wa usingizi, Katuba