Kazi ya Jumamosi: mstari wa ufukwe wa Kunduchi

Ndugu zangu, habari za jioni.

Jumamosi tunachora mstari wa ufukwe wa Kunduchi, Dar es Salaam, juu ya picha za setilaiti za miaka mbalimbali, tuone ulivyobadilika. Pakueni Google Earth Pro, programu ya kutazama picha hizo, kabla hamjaja, ni bure, na bando la ukumbini halitatutosha wote. Picha za setilaiti za Landsat zenye mita 30 kwa pikseli (kila nukta ya picha) zinarudi nyuma hadi miaka ya 1980. Za setilaiti za Sentinel-2 zinaanzia 2015, zina mita 10.

La muhimu kuliko yote ni maji. Wakati wa bamvu (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) bahari yetu hupishana zaidi ya mita 3 kati ya kupwa na kujaa, na ufukwe ukiwa tambarare maji hurudi nyuma makumi ya mita. Ukilinganisha picha ya maji kupwa na ya maji kujaa, utapata mmomonyoko ambao haupo kabisa! Kwa hiyo msifuate ukingo wa maji. Fuateni ukingo wa mimea, au msingi wa ukuta pale hoteli zilipojenga. Msimu pia uwe mmoja, maana pepo za kusi na kaskazi huhamisha mchanga kila moja kwa upande wake.

Penye kuta za mawe zilizoingia baharini, chora pande zote mbili. Mara nyingi upande mmoja hujaa mchanga na wa pili huliwa, na hapo ndipo ubishi wa wenyeji ulipo.

Kila faili lipewe jina lenye tarehe ya picha, si tarehe ya kuchora, tafadhali.

Mwenye kompyuta ya ziada aniandikie pembeni.