Kuhusu redio ya shule yenu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi mno kusikia kwamba mkuu wa shule amewakubalia muanzishe redio ya mtandaoni. Umeniuliza mnunue nini. Nianze na msichohitaji kununua: kompyuta kubwa ya kuwa seva, yaani ya kuwagawia wasikilizaji matangazo, hapo shuleni.

Kila msikilizaji huvuta mkondo wake mwenyewe wa sauti. Mkirusha kwa kilobiti 64 kwa sekunde, wasikilizaji 100 watahitaji megabiti 6.4 kwa sekunde za kupakia, yaani za kutuma nje, na laini nyingi za intaneti hupakia polepole kuliko zinavyopakua. Kodini nafasi kwenye seva ya nje yenye Icecast, programu ya kugawa matangazo mtandaoni. Shule itatuma mkondo mmoja tu, na seva itaugawa kwa wote. Hapo kompyuta ya kawaida yenye Mixxx, programu ya bure ya kuchanganya na kurusha sauti, inatosha. Iunganisheni kwa waya, maana waifai ya shule hulemewa wanafunzi wakiwa wengi.

Fedha inayobaki iende kwenye maikrofoni. Ile ya dainamiki ndiyo inayowafaa, kwa kuwa hudaka sauti ya karibu na kuziacha kelele za nje. Tafuteni pia chumba chenye mapazia. Kuta tupu huleta mwangwi.

Lakini ninalokusihi kuliko yote ni hili: waachie wanafunzi kazi. Redio ambayo mwalimu ndiye mtangazaji, fundi na mhariri hufa siku anapohamishwa. Wabadilishane zamu, na wa madarasa ya chini waanze mapema kukaa pembeni ya wakubwa wao, wakijifunza kupandisha na kushusha sauti. Nusu saa mubashara kwa wiki, siku ileile na saa ileile, yatosha kabisa mwanzoni. Muda mwingine vipindi vilivyorekodiwa vijirudie vyenyewe, asiyejua ratiba asikute kimya. Waeleze pia kwamba msikilizaji huwa nyuma kwa sekunde kadhaa, pengine hata 30, ili mtangazaji akiuliza swali asikate tamaa kabla majibu hayajafika.

Nyimbo zina wenyewe. Kuinunua nakala si ruhusa ya kuirusha, kwa hiyo ombeni kibali au mtumie kwaya yenu. Na wazazi watie saini ya ridhaa kabla sauti ya mtoto haijatoka, kwa sababu mtandaoni yeyote anaweza kuirekodi.

Mkianza majaribio nitumie anwani ya mkondo. Nitasikiliza mwanzo hadi mwisho, kisha nikuandikie nilivyosikia.

Wako akupendaye